Naomba msaada: nitajuaje mashine ndogo ya msasa ya mezani ni nzuri kabla sijainunua?

Kibao_Laini

Wakuu habari zenu. Mimi natengeneza vitu vidogo vidogo vya mbao, zaidi fremu za picha na visanduku vyenye vifuniko, na mpaka leo msasa wote napiga kwa mkono, kile kipande cha ubao umekizungushia msasa unasugua weee mpaka bega linachoka. Sasa nataka kununua mashine ndogo ya kuweka juu ya meza, ile yenye mkanda juu na diski pembeni, mkanda wa 100 kwa 915 na diski ya milimita 150.

Tatizo langu ni kwamba zinafanana zote. Ukizitoa rangi na stika huwezi kusema ipi ni ipi, kila boksi limeandikwa nguvu kubwa na kazi nzito, ukimuuliza muuzaji anakusomea kile kile kilichoandikwa kwenye boksi. Nikiwa nimesimama mbele ya mashine, niangalie nini kwa macho na mikono yangu mwenyewe? Nguvu ya mota ina uzito kiasi gani kwa kazi ndogo kama yangu? Kubwa kwangu ni kona za fremu zikutane bila uwazi, hicho ndo kinanifanya niitafute hii mashine. Na pia kuna moja iliyokwisha tumika nimeiona, kwa hiyo kama kuna vya kuangalia kwenye iliyotumika naomba mvitaje.

MzeeRanda

Mkuu boksi liache kabisa kwanza. Kwa mtu wa fremu hii mashine ni kifaa cha pembe kabla hakijawa kifaa cha kulainisha, kwa hiyo anza na meza. Beba sikweya (kipimo cha pembe) ndogo ya chuma unayoiamini, rula ya chuma na tochi ya simu, hivyo vitatu vinatosha na wala huhitaji kuwasha mashine.

Meza ya upande wa diski ifunge kwenye digrii 90, simamisha sikweya juu yake iguse uso wa diski, mulika kwa nyuma uone mwanga. Ikiwa haiko sawa usiikatae kwa hilo, hiyo inarekebishika, mashine iliyotengenezwa kwa akili inakuwa na skrubu ya kuzuia pale kwenye 90 unaiweka mara moja na inakaa. Sasa kitu chenyewe ni hiki: ukiwa bado umeshikilia sikweya pale pale, bonyeza kona ya nje ya meza kwa kiganja, na ubonyeze kama mtu anayefanya kazi siyo kugusa tu. Mwanga ukifunguka kati ya sikweya na diski, ondoka. Hiyo meza inalala kila ukiegemeza mbao na hakuna skrubu itakayoitibu. Meza za bati lililokunjwa nyingi ziko hivyo, hasa zile zinazoshikwa na bolti moja upande mmoja. Unataka meza ya aluminiamu ya kumimina, nene, yenye mbavu kwa chini, inayofungwa pande zote mbili, na ukipata ya chuma cha kumimina ni bora zaidi. Laza rula kwa ukingo wake juu ya meza kutoka kona mpaka kona, mulika tena, uone kama imebonyea katikati.

Halafu kuna kile kisukumio cha pembe kinachoteleza kwenye mfereji wa meza. Kitikise kushoto kulia. Kwenye mashine ndogo karibu vyote vinacheza na mimi sikatai mashine kwa ajili hiyo, kwa sababu dawa yake ni rahisi: chukua senta panchi, gonga vinukta pembeni mwa ule upau wake, chuma kinavimba kidogo kila nukta ilipo na upau unakaza kwenye mfereji. Ukizidisha unapitisha tupa. Lakini zile namba za digrii zilizochorwa juu yake usiziamini hata kwenye mashine ya bei mbaya, pembe unaipima kutoka kwenye uso wa diski kwa sikweya ya 45, siyo kutoka kwenye mchoro.

Pengo kati ya meza na diski liwe milimita 1.5 hivi au chini ya hapo. Likiwa kubwa kipande chembamba kinavutwa kinazama pale na vidole vinakifuata. Kwa hiyo angalia kama meza ina nafasi ya kusogezwa karibu ukilegeza bolti, zipo ambazo tundu ni duara tupu na haziendi popote.

Diski izungushe kwa mkono, plagi ikiwa nje. Simamisha kalamu au kipande cha mbao juu ya meza kikaribie ukingo wa diski, zungusha taratibu uone pengo linavyobadilika. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo unaweza kuitumia kama kipimo. Ikicheza karatasi moja ni nzuri sana kwa saizi hii, ikicheza tatu utaanza kusikia inagonga gonga mbao.

Nati14

Nakubaliana na Mzee hapo juu, mimi niongezee mota maana umeiulizia na ndo sehemu watu wanapodanganywa zaidi.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni mota ya indaksheni, haina brashi, nzito, inaunguruma chini chini, mara nyingi ina kiboksi au uvimbe pembeni ambako kapasita, ile ya kusaidia mota kuanza, inakaa. Ya pili ni ya brashi kama ya grainda ya mkono, nyepesi, inapiga kelele kali ya juu, pembeni utaona vifuniko viwili vidogo vya plastiki vya bisibisi, hapo ndo makaa, yaani hizo brashi, yanapoingia. Kwa mashine ya kukaa mezani kazi muda mrefu chukua ya indaksheni. Ya brashi ukiigandamiza spidi inashuka sana, makaa yanaisha, na kelele yake utaichukia, ukifanya kazi karibu na watu watakuchukia wao kwanza.

Uzito unakuambia mengi kabla hujasoma kitu. Mashine ya saizi unayoitaja yenye mota ya indaksheni na msingi wa chuma cha kumimina huwa inacheza kwenye kilo 15 mpaka 20. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja bila kuhangaika jua kuna bati na plastiki nyingi ndani.

Sasa soma kile kibati kilichopigwa ripiti kwenye mwili wa mashine, siyo boksi. Boksi linaweza kusema farasi 1. Farasi 1 ni wati 746. Angalia ampea kwenye kibati zidisha na volti: ikiandika ampea 2 kwa volti 230 hapo umeme unaoingia hauzidi wati 460 hata iweje, na kinachotoka kwenye shafti ni pungufu ya hapo maana mota ndogo inapoteza sehemu nzuri kwenye joto. Kwa hiyo hiyo farasi 1 haipo. Kwa kazi yako wati 370, yaani nusu farasi, inatosha kabisa ikiwa ni ya kweli. Tafuta pia herufi S. S1 maana yake inaweza kufanya kazi mfululizo kwa nguvu hiyo iliyoandikwa, S2 inafuatiwa na dakika, kwa mfano S2 dakika 15, maana yake baada ya hapo uizime ipoe. Kuna mashine mbili zinaandikwa wati sawa, moja S1 nyingine S2, na hizo siyo mashine sawa hata kidogo.

Na mizunguko kwa dakika. Kibati kikisema 2850 hiyo ni ya umeme wa Hz 50, kikisema 3450 hiyo ni ya Hz 60. Ukikuta mashine ya Hz 60 peke yake na kwako ni Hz 50 itazunguka polepole kwa kama moja ya sita na mota itapata joto kuliko ilivyopangwa, hata kama volti zinalingana. Kwenye zilizotumika zinazosafirishwa kutoka mbali hili linajitokeza sana, soma vizuri.

Kibao_Laini

Asanteni sana, yaani nimeondoka na sikweya mfukoni leo leo. Nimeangalia mbili. Ya kwanza kibati kinasema wati 375 S2 dakika 30, meza ya diski ya aluminiamu lakini imeshikwa upande mmoja tu, nilipobonyeza kona mwanga ulifunguka waziwazi hata muuzaji akaona. Nikaiacha. Ya pili meza imetulia kabisa, S1, wati 370, nzito kweli kweli, lakini ile walipoiwasha mkanda ukawa unatembea kwenda ukingoni, jamaa anakaza kitasa unarudi, ukitulia kidogo unaanza tena kutembea. Hiyo ni mashine mbovu au ni kurekebisha tu? Na bamba la nyuma ya mkanda sikuliangalia, hamkulizungumzia.

MzeeRanda

Mkanda kutembea kuna sababu nzuri na sababu mbaya, inabidi uzitenganishe.

Elewa kwanza unavyokaa. Moja ya zile rola mbili, mara nyingi ile inayosukumwa na mota, imetengenezwa nene kidogo katikati kuliko pembeni, tofauti ndogo sana ambayo jicho linaweza lisiione. Mkanda siku zote unapanda kwenda palipo panene, ndo maana unabaki katikati. Kitasa cha kurekebisha kinainamisha rola ya pili kidogo tu ili kuusaidia. Kwa hiyo weka rula kwa ukingo juu ya rola, kutoka upande mmoja kwenda mwingine: ukiona inacheza kidogo juu ya katikati, uvimbe upo. Rola ikiwa imenyooka kabisa au, mbaya zaidi, imebonyea katikati, huo mkanda hautatulia milele na utakuwa unakesha na kitasa.

Uvimbe ukiwepo, angalia mkanda wenyewe. Mikanda ya bure inayokuja na mashine mpya mara nyingi imeunganishwa vibaya, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mwambie muuzaji aweke mwingine mzuri uone. Kisha mvuto, yaani mkanda unavyokazwa: vuta ile lever ya springi uone ina nguvu au ni lege lege, springi dhaifu inafanya mkanda uhame ukigandamiza mbao. Mwisho shika ile rola isiyo na mota, mashine ikiwa imezimwa na plagi nje, itikise juu chini. Ikicheza kwenye shafti yake hapo ni beringi au ni tundu limeliwa, na kwenye mashine mpya hilo ni la kukataa.

Mkanda ukishatulia, ubonyeze kwa kipande kipana cha mbao kwa nguvu za kawaida. Mkanda ukisimama na mota bado inazunguka ni mvuto mdogo au rola inateleza. Mota yenyewe ikizama sauti ndo nguvu haitoshi. Ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya, wanalaumu mota wakati springi ndo imechoka.

Bamba: toa mkanda, laza rula kwa ukingo, mulika. Lipime kwa urefu na kwa upana na kwa mshazari. Mengi ya bei ya chini yana tumbo katikati, milimita nusu siyo ajabu, na ukisimamisha kisanduku chako pale kipate uso mnyoofu utakitoa kimeliwa katikati kingo ziko juu. Habari njema ni kwamba bamba likiwa ni kipande cha kufunguka kwa skrubu linaokoka: linagandamizwa juu ya kioo kinene kilichobandikwa msasa na kusuguliwa mpaka likae sawa. Wanaotengeneza visu wao wanabandika kipande cha kioo cha seramiki juu ya bamba maana hakiliwi haraka na hakipindi kwa joto. Likiwa limekunjwa kutoka kwenye bati moja na mwili wa mashine, huna la kulifanya.

Kwa maelezo yako hiyo ya pili ningeirudia na mkanda mzuri mkononi kabla ya kuiacha.

fundi_kona

Habari za jioni ndugu zangu. Niwe tofauti kidogo, maana naona tunapima mashine kama tunainunua kwa ajili ya maabara. Mzee kwa heshima yako, ile ya diski kuyumba mimi siipi uzito huo. Ikiyumba milimita 0.3 ukingoni kwenye diski ya 150, kosa la pembe linaloletwa ni kama sehemu moja ya kumi ya digrii. Inaleta kelele na kugonga na msasa unaisha upande mmoja, sawa, lakini kona ya fremu haitaiona. Meza inayolala chini ya mkono ndo kona itaiona.

Na kuhusu pembe kuna hesabu ambayo Kibao_Laini nakuomba uiweke kichwani. Fremu ina kona nne, kila kona ina mikato miwili, jumla minane. Ukiwa nje kwa nusu digrii tu kwenye kila mkato, na kosa likiwa upande ule ule, unafunga kona tatu vizuri kwa kulazimisha, ya nne inakuja na uwazi wa digrii 4. Ndo maana watu wanasema kona tatu zilikubali moja imekataa, wanatafuta kosa kwenye ile moja wakati limegawanyika kwenye zote.

Kwa hiyo usiipime mashine kwa sikweya peke yake, ipime kwa mbao. Chukua ubao ulionyooka kingo zote mbili, sambamba, ukate katikati vipande viwili, piga vichwa vyao kwenye diski na kisukumio kwenye 90. Sasa vilaze juu ya kitu kilichonyooka, viguse kichwa kwa kichwa, kimoja kimegeuzwa juu chini, kingo zao uziegemeze kwenye rula ndefu. Kosa lolote linajionyesha mara mbili, uwazi wa nusu digrii unakuwa digrii nzima na unauona bila kifaa. Hiyo inakuambia kisukumio kikoje. Kisha visimamishe vikae kwa ukingo wao juu ya meza, fanya hivyo hivyo, hapo unaipima meza. Muuzaji anayekubali ufanye hivi mbele yake, na mashine ikakubali, chukua hata kama rangi imechubuka.

Jambo jingine, mkanda kwa fremu utautumia kidogo sana kuliko unavyofikiri. Kona zako zote zitapigwa kwenye diski, tena kwa kugusa tu baada ya kukata kwa msumeno, siyo kulisha ubao pale mpaka uungue. Kwa hiyo kati ya mashine yenye diski nzuri na mkanda wa kawaida, na ile yenye mkanda mzuri na meza ya diski ya bati, usisite.

MzeeRanda

fundi_kona hapo kwenye diski umenirekebisha vizuri, kwa pembe uko sahihi. Mimi bado naipima kwa sababu nyingine, diski ya kuyumba sana ni dalili kwamba ilichongwa bila uangalifu au shafti imepinda, na shafti iliyopinda inakula beringi. Ila hilo la kupima kwa mbao mbili ni bora kuliko yote niliyosema.

Dada_Msasa

Hamjagusa vumbi hata mmoja na mimi kwangu hilo ni sehemu ya ubora wa mashine, siyo nyongeza.

Vumbi la mbao liliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC kwenye kundi la 1 mwaka 1995, hilo ni kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na hapa ni saratani ya pua na matundu yanayozunguka pua. Mashine ya msasa ndo inatoa lile vumbi laini kabisa, lile linaloelea hewani muda mrefu baada ya kuzima. Kwa hiyo ukifika pale inama uangalie chini ya meza ya diski. Nusu ya chini ya diski inatakiwa iwe imefunikwa pande zote, na mdomo wa kutolea vumbi uwe umetoka pale pale chini. Nyingine zimeweka mdomo lakini nyuma ya diski pako wazi, vumbi linarushwa sakafuni na kwenye mfuko hakiingii kitu. Upande wa mkanda pia, mdomo uwe kule mkanda unakoshukia ukigeuka kwenye rola, siyo kwingine.

Pima kipenyo cha huo mdomo. Kuna wa milimita 35 hivi, kuna wa 58, wa 63, na bomba la vakyumu yako linaweza lisiingie popote. Siyo sababu ya kukataa mashine lakini ujue mapema utahitaji kiunganishi. Kile kimfuko cha kitambaa kinachokuja nayo kinazuia maranda tu, lile laini linapita, kwa hiyo barakoa ya FFP2 au N95 iwe usoni hata vakyumu ikiwa inavuta.

Na tafadhali, usije ukanoa patasi au kusugua msumari kwenye mashine hiyo hiyo wakati mfuko au vakyumu ina vumbi la mbao. Cheche inaingia kule inakaa inafukuta taratibu na moto unawaka wewe umeshaondoka. Ukitaka kugusa chuma, safisha kila kitu na uondoe bomba kwanza.

Swichi nayo iangalie. Ile yenye vitufe viwili ambayo umeme ukikatika na kurudi mashine haijiwashi yenyewe ndo salama. Iwe mbele unapoifikia bila kupitisha mkono juu ya diski. Na ukifanya kazi kwenye diski tumia nusu inayoshuka kuelekea meza, kwa mashine nyingi ni ya kushoto ukiitazama, ile inayopanda inanyanyua mbao na kukurushia usoni. Glavu vua.

Nati14

Kwa ile iliyokwisha tumika, Kibao_Laini, nenda na masikio. Iwashe bila mbao, isikilize kwa dakika kadhaa, halafu izime usikilize inavyosimama. Wakati wa kushuka spidi, mlio wa mota ukishaondoka, ndo beringi zinasikika. Mlio mwembamba wa kukwaruza au kama kuna mchanga unasagwa, beringi zimeisha. Hilo lisikutishe sana, beringi nyingi za mashine hizi ni za namba za kawaida kama 6201, 6202 au 6203 zinapatikana popote wanapouza beringi, na ukibadilisha chukua zenye 2RS mwishoni, hizo zina raba pande zote mbili zinazuia vumbi, zenye ZZ zina ngao ya bati na vumbi la msasa linapenya polepole. Tumia hiyo kupunguza bei.

Ikiunguruma bila kuanza, ukiisukuma kwa kipande cha mbao ikaanza, kapasita imekufa. Hiyo pia ni ya kubadilisha tu, ila kapasita inashika umeme hata plagi ikiwa nje, anayeijua ndo aiguse. Nusa kwenye matundu ya mota: harufu ya vanishi iliyoungua maana yake waya za ndani zimepata joto, hiyo achana nayo hata kama inazunguka vizuri siku hiyo.

Meza iliyotumika angalia kama imepigwa nyundo, na vitasa vya kufunga kama nyuzi zake hazijaliwa. Rola angalia raba yake haijapasuka. Saizi ya mkanda je? Hakikisha ni ya kawaida, 100 kwa 915 (wengine wanaandika 914, ni huo huo) au 25 kwa 762 kwa zile nyembamba. Kuna mashine nzuri kabisa zimekaa kwenye kona za karakana bila kazi kwa sababu mkanda wake ni saizi ya peke yake na haupatikani tena.

Kibao_Laini

Wakuu nimerudi kwa ile ya pili na mkanda mpya wa nguo. Ule wa mwanzo kweli ulikuwa umeungwa vibaya, ukiulaza mezani unaona kabisa unapinda. Huu mpya umetulia, nimegandamiza ubao wa upana kama wa kiganja mota haikuyumba. Bamba lina tumbo kidogo ila ni la kufunguka. Mbao mbili nimezigeuza kama fundi_kona alivyosema, kwenye meza hakuna mwanga, kwenye kisukumio kuna uwazi mdogo, hicho nitakigonga senta panchi. Nimelipa. Swali la mwisho, msasa wa diski nichukue wa gundi au wa velkro, na namba ngapi? Na je niifunge kwa bolti mezani au inatosha kukaa na uzito wake?

fundi_kona

Hongera sana. Kwa kona za fremu chukua wa gundi. Velkro ina ulaini chini yake, mbao inazama kidogo na ncha ya kona inaviringika, kitu ambacho kwenye kulainisha hukioni lakini kwenye fremu unaona mstari mweusi kwa nje. Wa gundi ukitaka kuutoa upashe joto kwa mashine ya kukausha nywele unabanduka wote, kisha futa mabaki ya gundi kabla ya kuweka mwingine, punje moja ya gundi iliyokauka chini inatosha kutengeneza kilima.

Namba, P80 ya kupunguza na P120 ya kumalizia, kwenye diski usipande sana zaidi ya hapo. Ukingo wa diski ya 150 kwa mizunguko 2850 unakwenda kama mita 22 kwa sekunde, msasa laini kwa spidi hiyo unajaa na kuunguza kichwa cha mbao kinakuwa cha kahawia, na mbao iliyoungua gundi haiishiki vizuri. Nunua na lile tofali la raba la kusafishia, unaligusisha msasa ukiwa unazunguka unatoa vumbi lililoganda. Mikanda yako itunze pakavu ikiwa imening'inizwa, ile ya kuungwa kwa utepe ikikaa kwenye unyevu utepe unaachia.

Bolti, ndiyo, funga. Ila usikaze bolti zote nne kwa nguvu kama meza yako ya kazi haijanyooka, utaupinda msingi na pembe uliyoipima dukani itaondoka. Weka raba au karatasi ngumu pale mguu mmoja unapoelea, kaza kiasi, halafu rudia kupima kwa mbao zile zile mbili.